Nipe mji: kitendawili kilichotupandisha mlimani

Kama umekulia nyumba ambayo jioni watu wanakaa uani wanategeana vitendawili, basi jiokashi za mafumbo ni mchezo wako kabisa, we hujajua tu.

Kwa asiyejua, jiokashi ni kopo au boksi ambalo mtu amelificha sehemu, akaweka mtandaoni kodineti zake, yaani namba za mahali lilipo, wewe unalitafuta kwa GPS ya simu, ukilipata unaandika jina kwenye daftari lililomo ndani na unalirudisha palepale. Mchezo ulianza Marekani mwezi wa tano mwaka 2000, serikali yao iliacha kuvuruga signali ya GPS kwa raia tarehe 2, na kesho yake tu jamaa mmoja wa Oregon anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo msituni akawatangazia watu namba za mahali ilipo. Sa hivi dunia nzima zipo zaidi ya milioni 3. Ila za mafumbo ndo zina utamu wake, maana kodineti zinazoonekana kwenye ramani ni za uongo, zinakupeleka tu maeneo ya jirani, kawaida ndani ya kilomita 3 hivi, na namba za kweli lazima uzitoe kichwani kwanza ndo uvae viatu.

Hii yetu ipo milima ya kaskazini mwa Dodoma mjini, upande wa barabara ya Kondoa, mlima wenyewe sitautaja na sababu nitaisema. Namba za uongo zilikuwa zinaangukia kwenye mbuyu pembeni ya barabara. Nyuzi na dakika aliyeficha alishatupa, kilichokosekana ni tarakimu tatu za mwisho za kusini na tatu za mwisho za mashariki, zile zinazofuata nukta ya dakika, na badala yake kulikuwa na vitendawili sita, na maelezo mafupi: hesabu herufi za jibu. Bas.

Vingine vilikuwa vya wazi. Nyumba yangu ina nguzo moja, uyoga, 5. Nyumba yangu haina mlango, yai, 3. Kuku wangu katagia mibani, nanasi, 6. Lakini "Huku ng'o na kule ng'o" mimi na rafiki yangu tulibishana karibu tugombane, yeye anasema usiku mimi nasema giza, na sio ubishi mdogo kwa sababu kile kitendawili kilikuwa kinatoa tarakimu ya kwanza baada ya nukta. Hapo kila namba moja ni kama mita 185 kwenye ardhi. Tarakimu ya pili ni kama mita 18, ya tatu haifiki hata mita 2. Yaani ukikosea ya mwisho bado utaliona kopo, ukikosea ya kwanza umeenda korongo lingine kabisa, na kwenye ile milima kutoka korongo moja kwenda la pili unaweza ukamaliza asubuhi nzima.

Tukafungua picha za setilaiti. Usiku, herufi 5, ikaangukia katikati ya shamba la mtama la mtu. Giza, herufi 4, ikaangukia kwenye mawe juu ya mteremko. Mchezo una kanuni zake, huwezi kuficha kitu kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake na huruhusiwi kukifukia, kwa hiyo shamba likajiondoa lenyewe.

Cha sita ndo kilitukalisha siku nyingi. Kilikuwa hakina kitendawili, kimeandikwa maneno mawili tu, Nipe mji. Tumejaribu kuhesabu herufi za "mji", tumejaribu "nipe", hazina maana yoyote. Nikampigia bibi yangu yupo Mpwapwa. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, habari za huko, nzuri, nikamsomea. Akanyamaza kidogo halafu akasema sasa si mumpe mji mnangoja nini, mtu akishindwa anatoa mji, nyie mnakaa mji gani? Nikasema Dodoma. D-o-d-o-m-a. 6. Nilifurahi aisee mpaka bibi akauliza kama nimeshinda pesa.

Sasa twende mlimani.

Tulichagua mwezi wa saba kwa sababu mvua zetu zinaanza Desemba hivi mpaka Aprili, na majani yakiwa yamekauka unaona unapokanyaga, nyoka nao kwenye ubaridi wa asubuhi hawana haraka. Ila kabla ya kukanyaga jiwe lolote tulienda kwa mwenyekiti wa kitongoji na hili naliomba kwa kila mtu anayetaka kucheza huu mchezo mikoa ya kati. Mtu mgeni, ana simu mkononi, anainama anachungulia chini ya mawe, hapa kwetu huyo anatafuta madini au ana ramani ya mali za Wajerumani. Hakuna atakayeamini kitu kingine na mimi siwalaumu, watu wameona mengi. Tulimkuta mzee mmoja amekaa nje kwa mwenyekiti, tukamwamkia mbukwa, salamu ya Kigogo, akaitikia vizuri, halafu akatuambia bila kuzunguka, nyie mmekuja kwa ajili ya madini.

Nikamwambia hapana babu, tumekuja kwa ajili ya kitendawili.

Akanitazama. Akasema, tega.

Nikamtega kile cha tano, Bibi hatui mzigo, hata sijafunga mdomo keshasema konokono. Basi hapo mambo yakabadilika, akatutegea vya kwake, tukatoa miji mpaka ikaisha, Dodoma, Singida, Tabora zote zikaenda, mwenyekiti mwenyewe akatoka ndani akajiunga. Tulipoaga mzee akasema hamwendi peke yenu, akamwita mjukuu wake anayechunga mbuzi ule upande atupeleke.

Mteremko wa chini ni miiba, sina namna nyingine ya kuuelezea, vaa suruali ngumu na usije na kaptula za mazoezi. Ukishavuka miiba unakutana na jiwe lenyewe. Milima ya hapa ni granite ya zamani sana, inazidi miaka bilioni 2.5, na inabanduka matabaka kama maganda ya kitunguu, sasa yale maganda mengine yamelala juu ya mteremko hayajashikwa na kitu, unakanyaga unasikia linagonga kwa chini, tung, unajua hapa pana uwazi. Kijana alitufundisha kugonga kwanza kwa fimbo kabla ya kuweka mguu. Palipo pakavu kiatu cha soli ya mpira kinashika vizuri mno, unapanda mwinuko ambao ungeuangalia kutoka chini ungesema haupandiki. Penye mchanga mdogo mdogo juu ya jiwe ndo pa kuogopa, pale unateleza bila taarifa, tulipita kwa makalio. Fumbo lilikuwa limepewa ugumu 4 kati ya 5 na njia nayo 4, nakubaliana na zote mbili.

Kuna sehemu tulipita chini ya jiwe lililoinama likafanya kama kibanda na wote tukaanza kukagua ukuta bila kuambiana, maana ukishafika Kolo ukaona ile michoro ya miambani ya Kondoa ambayo iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, kila kibanda cha jiwe unakichungulia hivyo hivyo. Hapakuwa na kitu. Ila ndo maana nawaomba msichore mishale ya rangi kwenye mawe kuonyesha njia, na makopo yenu msiyafiche karibu na maeneo yenye michoro.

Kufika juu, GPS ikaanza kuyumba. Ukisimama ubavuni mwa ukuta mrefu wa jiwe signali zinagonga ukutani ndo zinakufikia, simu inakwambia umebakiza mita 6, hujasogea inasema 20, mara upande wa pili. Usiikimbize. Tukaweka simu mfukoni tukarudi kwenye kidokezo cha mwisho, kilisema tu "jirani ana choo cheupe". Sisi tunaangalia huku na huku tunatafuta choo mlimani. Kijana akacheka, akasema dada si hicho hapo, akanyoosha fimbo kwenye jiwe lenye michirizi myeupe imeshuka kama chokaa imemwagika toka juu. Mikojo ya pimbi. Pimbi wanajisaidia sehemu ileile miaka na miaka, mkojo ukikauka unaacha ule weupe, na yeye anawaona kila siku akiwa na mbuzi.

Ufa ulikuwa mkono wa kushoto wa ile michirizi. Nikagonga kwanza na fimbo kwa ajili ya nyoka, nikatoa vijiwe vitatu vilivyopangwa, kopo la plastiki la kifuniko cha kuzungusha hilo hapo, limezungushiwa gundi ya karatasi ya kijani iliyofifia na jua. Ndani daftari dogo kwenye mfuko wa nailoni, kipande cha penseli, shanga, na ufunguo wa kufuli. Unaruhusiwa kuchukua kitu ukiacha chenye thamani hiyohiyo au zaidi. Kijana alichagua ufunguo, mimi nikaacha kikuku cha shanga, na daftarini tumeandika majina matatu, lake la kwanza.

Aliyeficha ameniruhusu kueleza vitendawili vyote kwa sababu mvua zikianza anahamisha kopo na kubadilisha fumbo zima, ila mlima utakuwa uleule, ndo maana sijautaja.

Na mimi naandaa la kwangu, mwenyekiti kashakubali na mzee kanipa vitendawili viwili ambavyo sijawahi kuvisikia popote. Tatizo ni moja, kwa hesabu ya herufi huwezi kupata 0 wala 1, kwa hiyo natafuta jiwe ambalo tarakimu zake zote sita zinaanzia 2 kwenda juu, na nililolipenda lina 9 na 2. Mwenye kitendawili chenye jibu la herufi 9 anitegee, na cha herufi 2 pia, zaidi ya "ua" maana hicho kila mtu atakijua.