Nilivyohakikisha kingamwili yangu inaona LDLR kweli

Watu wengi wakinunua kingamwili ya LDLR (kipokezi cha LDL kilichoko juu ya seli) wanaangalia tu kama imetoa mstari kwenye westani bloti, yaani kipimo kinachopanga protini kwa saizi kwenye jeli halafu kingamwili inaonyesha ya kwake, ukitoka wanaendelea na kazi. Mi hapo siridhiki. Hiki ndo kipokezi kinachoiondoa LDL, ile chembe inayobeba kolesteroli, kwenye damu, Brown na Goldstein walipata Nobel 1985 kwa kazi ya namna seli zinavyoendesha kolesteroli na kipokezi hiki ndo kilikua kiini chake, na watu wenye kolesteroli nyingi ya kurithi wengi wao shida yao iko kwenye jeni yake, sa ukipima protini nyingine ukadhani ni hii wanaokutegemea wote wanapotea na wewe.

Kwanza ile saizi. Ukipiga hesabu ya asidi amino peke yake unapata kama kilodaltoni 95 (kipimo cha uzito wa protini), lakini kwenye jeli usiitegemee hapo, kwa sababu kipokezi kinabandikwa sukari nyingi, kile kichanga ambacho bado hakijakomaa kinakaa kwenye 120 hivi na kilichokomaa kinapanda mpaka karibu 160. Kwa hiyo nilikua natafuta mistari miwili, wa juu mzito na wa chini hafifu, na nilipouona ule wa juu nikatulia kidogo, kidogo tu, maana saizi peke yake sio ushahidi.

Ushahidi wenyewe niliutoa kwa seli. Nilichukua HepG2, seli za ini zinazokuzwa maabara, nikazigawa, kundi moja nikaliweka kwenye siramu (majimaji ya damu) iliyotolewa lipoprotini, yaani chembe zinazobeba kolesteroli, pamoja na statini, dawa inayozuia seli isitengeneze kolesteroli, lingine nikalipa siramu ileile ila nikaongeza kolesteroli na ndugu yake 25-haidroksikolesteroli. Seli ikikosa kolesteroli SREBP-2, protini inayowasha jeni, inaenda kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni ya LDLR, ikishiba inazima, yaani kama kingamwili inaona kitu chenyewe lazima mstari unenepe huku na ufifie kule wakati aktini, protini ya kulinganishia, imekaa palepale. Na ndivyo ilivyokua! Kulikua na mstari mwingine chini ambao haukutikisika kundi lolote, huo nikajua sio wenyewe nikauacha. Baadae nikaongeza protini ya PCSK9 kwenye midia (majimaji ya kukuzia seli), ule mstari wa 160 ukafifia ndani ya masaa machache kwa sababu PCSK9 inakipeleka kipokezi kwenye laisosomu, kinu cha seli, kikasagwe, alafu nikazima jeni kwa siRNA, kipande cha RNA kinachoizuia isitoe protini yake, ukafifia tena. Hapo ndo nikaanza kuiamini.

Mambo madogo yaliyonisaidia: sampuli sikuzichemsha, nilizipasha kwa nyuzi 37 tu, maana protini za utando zikichemka zinaweza kugandana zikabaki juu ya jeli. Pia soma kingamwili yako inashika wapi. Sehemu ya nje ya LDLR imejaa vifungo vya salfa, kuna kingamwili kama ile ya C7 inayotaka vifungo hivyo viwe vizima, ukiweka DTT, kemikali inayovunja vifungo hivyo, kwenye bafa haioni kitu na utailaumu bure.

Kwenye flo saitometri, ambapo mashine inapima seli moja moja, mambo yanabadilika kidogo. Kingamwili inayoshika mkia wa ndani, ule wa asidi amino 50, kwenye seli hai haiwezi kukuonyesha kilicho juu ya seli, kwa hiyo nilitumia ya sehemu ya nje, na kubandua seli kwenye sahani nilitumia EDTA, kemikali inayozilegeza, badala ya tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kwa sababu tripsini inakata kipokezi chenyewe. Kila kitu kwenye barafu, mana kipokezi hiki hakitulii, kinaingia ndani na kurudi juu muda wote.

Na kila chupa mpya ikija, hasa kama ni poliklonali (mchanganyiko wa kingamwili nyingi), nalirudia lile jaribio la kushibisha na kunyima kolesteroli kabla sijagusa sampuli za maana.