Furu mwekundu na furu wa bluu, jiwe moja, wanaishije?

Juzi Jumamosi nilishuka Kayenze, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kumsalimia baba mdogo nikamkosa, kaenda kufuata injini ya mtumbwi kwa fundi, basi nikakaa juu ya mawe na wanae wawili wanaovua furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, kwa ndoano na minyoo. Haikufika nusu saa ndoo ya rangi ina furu kumi na kitu. Yule mkubwa akanitolea dume mmoja, mgongo mwekundu, ubavuni njano, ana mistari myeusi ya kushuka, yaani kapendeza kama anaenda kwenye sendoff. Akanitolea mwingine, umbo lile lile na mistari ile ile ila huyu wa bluu. Majike wao wote wa kijivu tu, hawana mbwembwe.

Nikajiuliza, hawa wanakaaje jiwe moja bila mmoja kummaliza mwenzie? Maana kuna Mrusi anaitwa Gause, mwaka 1934 alitoa matokeo yake ya kufuga vijidudu vya seli moja aina mbili kwenye chupa moja, chakula kile kile, na aina moja ikaipiku nyingine mpaka ikaisha kabisa, wakati kila moja ikifugwa peke yake inastawi vizuri tu. Sasa njoo ziwani kwetu, furu walikuwa spishi zaidi ya 500, na ziwa lenyewe linasemekana lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita. Wote hao wametosheaje?

Jibu la haraka ni kwamba wanagawana. Kuna wanaokwangua mwani kwenye mawe, kuna wanaovunja konokono kwa taya za kooni (ndio, furu ana taya za pili huko kooni), kuna wanaokula samaki wenzao, na kuna majambazi kabisa wanaoishi kwa kupora mayai na vitoto mdomoni mwa mama, maana furu jike analelea mdomoni. Sawa, hao nawaelewa. Ila huyu mwekundu na huyu wa bluu wamefanana mno, hapo kugawana chakula peke yake hakunitoshi.

Wa bluu kisayansi ni Pundamilia pundamilia, mwekundu ni Pundamilia nyererei, na ndio, kapewa jina la Mwalimu. Wamechunguzwa sana kwenye visiwa vya huku huku Mwanza. Pale kisiwa cha Makobe ambapo maji ni masafi kidogo, wa bluu anakaa juu karibu na uso wa maji, mwekundu anashuka mita kadhaa chini, na kule chini mwanga wa bluu unakuwa umeshamezwa na vumbi la majini, unaobaki ni wa kuelekea wekundu, kwa hiyo jike wa kule anamwona vizuri dume mwekundu na ndiye anayemchagua.

Lakini kilichonikosha ni ugomvi wao. Madume wanapigania eneo kwenye mawe, na ukimwekea dume mwekundu wapinzani wawili, mmoja mwekundu mwenzie na mmoja wa bluu, anamvaa zaidi mwekundu mwenzie. Sasa fikiria, wekundu wakijaa pale jiweni wanakuwa wanatwangana wenyewe kwa wenyewe, halafu yule wa bluu mmoja mmoja anapita kiulaini anajishikia kaeneo kake. Yaani ukiwa wengi mnajibana wenyewe, ukiwa mchache unapata nafuu, na kwa mtindo huo ni ngumu upande mmoja kuufuta mwingine. Nenda mwaloni Kirumba asubuhi utaona kitu hicho hicho. Mama mdogo wangu anauza dagaa pale, hajawahi kumnunia muuza sangara hata siku moja, ila yule dada wa meza ya pili mwenye dagaa kama wake hawasalimiani tangu mwaka juzi, eti kisado chake amekijaza nundu.

Kinachoharibu mambo ni tope. Maji yakichafuka rangi hazionekani, na kwenye matangi ya vioo watafiti wakiwawashia taa ya rangi ya chungwa tupu majike wanashindwa kutofautisha, wanachukua dume yeyote. Ndicho kimetokea kisiwa cha Luanso huko ndani ya Ghuba ya Mwanza kwenye maji ya rangi ya ugoro, wengi wamekuwa machotara, si wekundu si bluu. Watu wakisikia furu wamepungua wanamtaja sangara moja kwa moja, na kweli tangu aletwe miaka ya 50 na 60 kawala vibaya sana hasa miaka ya 80, ila hili la tope halihitaji mtu kuliwa, spishi mbili zinageuka moja huku samaki wote wako hai.

Baba mdogo alivyorudi nikamweleza yote haya, akaniangalia akasema enzi zake akisimama kwenye jiwe hili hili anawaona furu chini wanavyofukuzana, saa hizi ukiingia maji ya magotini vidole vya miguu huvioni. Kisha akamwuliza mwanae kama mafuta yapo. Tukawakaanga wote, wakatoka kahawia, tukawala na ugali wa udaga.