Pale Msomaji Anapopotea

Ukitaka kujua kama warsha ya hadithi fupi chuoni itazaa kitu, tazama nakala kwanza. Kama zimewafikia wasomaji siku tatu kabla ya kikao, zimechapwa kwenye karatasi, mistari imeachana na pambizo zina nafasi ya kalamu, kuna kazi itakayofanyika. Zikirushwa kwenye kundi la WhatsApp usiku wa kuamkia kikao, zitasomwa ndani ya daladala, kidole kikiteleza, na kesho yake kila mmoja atasema, “Iko vizuri, ila iongezee nyama kidogo.” Mwandishi anayeambiwa hivyo anarudi bwenini na hadithi ileile.

Watu sita hadi wanane wanatosha. Hadithi ya maneno 2,000 ni kurasa nane hivi, na kikao cha saa mbili hakibebi zaidi ya hadithi mbili. Ya tatu ikichomekwa inakuta watu wanaangalia saa. Ukurasa wa kwanza usomwe kwa sauti, ila asiusome aliyeuandika. Yeye anajua pa kupandisha na pa kushusha, kwa hiyo sauti yake inaziba mashimo ambayo karatasi imeyaacha wazi. Mwingine akikwama katikati ya sentensi akarudi nyuma, hapo papigwe mstari. Muda wote huo mwandishi ananyamaza. Kanuni hii huwa chungu zaidi darasa linapochanganya vijana waliotoka kidato cha sita na walimu waliorudi kusomea shahada: mwalimu wa miaka 40 hajazoea kukosolewa na kijana huku yeye kafunga mdomo. Afunge tu. Msomaji wa huko nje hatakuwa naye pembeni wa kumwambia “nilikuwa namaanisha”.

Kinachonifikirisha kila rasimu mpya zinapoingia ni kwamba msomaji hapotei sana kwenye wazo la hadithi. Anapotea kwenye vitu vidogo vya lugha yenyewe. Chukua kipande hiki nilichokitunga kwa mfano:

“Juma alimkuta Hamisi Soko la Majengo. Akamwambia mke wake anaumwa na hana hela. Akampa elfu kumi, akaondoka.”

Mke wa nani? Asiye na hela ni Juma, Hamisi, au huyo mke? Nani kaondoka? Viambishi a- na m- vinawabeba wote bila kubagua, na hata ukimgeuza Juma kuwa Asha bado hujaokoa kitu. Kinachosaidia ni kumwacha mmoja aseme mwenyewe, na mwingine kumpa kitu mkononi:

“Mama Neema anaumwa,” Juma alisema, “na mfukoni sina kitu.” Hamisi akachomoa elfu kumi, akaiweka juu ya kreti la zabibu, akaendelea kupanga vishada.

Maneno yameongezeka kidogo tu, lakini sasa tunajua nani ana shida na nani muuzaji, tena tumeona fedha ikitolewa bila mkono kukutana na mkono.

Halafu kuna -ka-. Akaamka, akanawa, akavaa, akatoka, akapanda bodaboda, akafika. Kusukuma mambo mbele ndiyo kazi yake, lakini inayapa matendo yote uzito mmoja, hata kunawa uso na kupokea taarifa ya msiba vikapita kwa mwendo uleule. Futa yote mpaka bodaboda. Anza na “Alipofika”, yanayoendelea pembeni yachukuliwe na -ki-, kisha -ka- iwekewe tendo linalogeuza mambo.

Salamu nazo hula nusu ukurasa. “Shikamoo mjomba.” “Marahaba, hujambo?” “Sijambo, za nyumbani?” “Nzuri, karibu.” Ndivyo tunavyoishi, ila hadithi fupi haina nafasi hiyo. Usizitupe zote, lakini. Mpwa akiingia kwa mjomba wake, akavuta kiti akakaa bila shikamoo, msomaji wetu yeyote keshajua kuna ugomvi, na mwandishi hajaandika neno hata moja la hasira. Mbinu kama hii haipatikani bure katika kila lugha, na inanishangaza jinsi inavyoachwa.

Kuhusu mandhari, kwenye rasimu wahusika wakilia, mvua lazima inyeshe! Dodoma mvua ni za Desemba hadi Aprili. Julai ni baridi ya asubuhi, upepo na vumbi. Mvua kubwa ya Julai kwenye hadithi ya Hombolo, hapa Dodoma, itamsimamisha msomaji wa huku. Zabibu huvunwa misimu miwili, Februari na Machi hivi, kisha Agosti na Septemba, kwa hiyo anayevuna mwezi wa sita awe na sababu. Wala mhusika asipande treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mwaka 2015, maana ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Msomaji akishanasa kosa moja la namna hii anaanza kumkagua mwandishi badala ya kumfuata.

Aya ya mwisho inayoanza na “Tangu siku hiyo Neema akajifunza” ikatwe bila mjadala. Hadithi ilishaisha mistari minne juu.

Kikao kikimalizika, mwandishi akusanye nakala zote azipange mezani, ukurasa kwa ukurasa. Aya iliyopigwa mstari na watatu au wanne ina tatizo la kweli, hata kama kila mmoja kalieleza kivyake. Alama ya mtu mmoja isubiri. Mapendekezo ya aina ya “mfanye mjomba afe” au “waoane tu” yasikilizwe kwa tahadhari, kwa sababu wengi hapo wanaagiza hadithi ambayo wao wangeiandika.

Rasimu ilale wiki moja. Ya pili ianzie kwenye ukurasa mtupu, isiwe kuparaza faili la zamani. Sentensi iliyokwisha kuchapwa ni kaidi, haitaki kutoka. Ikirudi na maneno 1,600 badala ya 2,000, ipewe wasomaji wawili tu: mmoja aliyesoma ya kwanza, na mmoja asiyeijua kabisa. Huyu wa pili aulizwe nani anataka nini, na nani anamzuia. Akijibu bila kurudi kwenye karatasi, hadithi inaweza kutumwa.