Nilivyotengeneza roboti inayofuata tochi kwa deki mbovu

Karibu kila deki ya DVD, hata iliyokufa kabisa, huwa na mota tatu. Moja inazungusha diski, ya pili inasogeza jicho la leza, ya tatu inatoa na kurudisha sahani ya kuwekea diski. Watu wanatupa deki kwa sababu leza imechoka na haisomi tena, lakini mota mara nyingi ni nzima. Huku kwetu Mbagala mafundi redio wana marundo ya deki za namna hiyo chini ya meza, na ukiomba kwa adabu utapewa moja kwa bei ya soda.

Aliyeanzisha habari ya roboti ni mpwa wangu wa kidato cha pili. Alikuwa ameangalia video za vijana wanaounganisha vibao vya Arduino (kompyuta ndogo za kuandikiwa programu), sensa na magurudumu ya njano yanayokuja ndani ya boksi, kisha akaniletea orodha ya bei imeandikwa vizuri kwenye karatasi ya daftari. Nikaisoma, nikamrudishia. Nikamwambia roboti tutatengeneza, ila duka letu litakuwa chini ya meza ya fundi. Sina ugomvi na Arduino, siku yake itafika. Nilitaka kwanza aone kwamba mashine inaweza kuonekana ina akili bila kuandikiwa hata mstari mmoja wa programu.

Wazo lenyewe si langu. Kati ya mwaka 1948 na 1949, mjini Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo aliyeitwa William Grey Walter alitengeneza vyombo viwili vya magurudumu matatu, akavipa majina ya Elmer na Elsie. Havikuwa na kompyuta. Kila kimoja kilikuwa na valvu mbili kama za redio za zamani, jicho la kupokea mwanga na kihisio cha kujua kimegonga kitu. Kwa hivyo tu viliweza kutafuta taa na kuzunguka vizuizi sakafuni. Nikamuuliza mpwa wangu: kama valvu mbili ziliweza, transista mbili zitashindwaje?

Neno kwa atakayefungua deki nyumbani. Ukishaichomoa ukutani bado inaweza kukupiga shoti. Kwenye kibao cha umeme kuna kapasita kubwa inayohifadhi umeme uliotoka kwenye volti 230 za ukutani, na ndani yake unafika kama volti 320. Tuliiacha deki imechomolewa usiku kucha, na hata kesho yake kibao hicho tulikitoa kwa kushika kingo zake tu. Lile jicho la leza nalo usilijaribu kwa betri. Mwanga wake wa kusomea CD hauonekani kwa macho, kwa hiyo unaweza kukuumiza hujui kama umewaka.

Katika deki nyingi za bei nafuu, mota ya diski na mota ya leza ni pacha: duara, bapa, zina mhimili wa milimita 2 na waya mbili tu. Mafundi wanazijua kwa namba, RF-300. Zimetengenezwa kwa karibu volti 6, lakini kwa volti 3 na kitu zinazunguka bila shida. Hizo mbili ndizo tulizotaka. Ya kutoa sahani tuliiweka pembeni kwa sababu nguvu yake ni tofauti, na roboti yenye miguu isiyolingana itazunguka mahali pamoja. Ukikutana na drive ya CD ya kompyuta badala ya deki, angalia mota ya diski: ikiwa na utepe wa waya nyingi, haina brashi na inataka saketi yake maalumu. Iache.

Sasa nifike kwenye magurudumu, maana hapa ndipo roboti nyingi za nyumbani zinafia. Kila mtu akishapata mota za deki anafikiria kuzivalisha CD kama tairi. Inapendeza sana kwenye picha. Lakini CD ina upana wa sentimita 12, maana yake kila mzunguko mmoja inadai kusogea karibu sentimita 38, na mota hii huzunguka mara nyingi mno kwa dakika huku nguvu yake ya kusukuma ni kidogo. Itanguruma palepale, au ichepuke na kupinduka. Dawa ya kawaida ni gia, na gia nzuri za plastiki hazipatikani kirahisi zikiwa mbili zinazofanana.

Tukafanya kitu rahisi zaidi: tukaacha magurudumu. Mota inafungwa kwa mshazari, ncha ya mhimili ikielekea chini na nje hadi iguse sakafu, na mhimili wenyewe unakuwa tairi. Tuliuvalisha kile kimpira chembamba cha vali ya baiskeli ili usiteleze. Upana wake ukawa kama milimita 4, kwa hiyo kila mzunguko unaisogeza roboti zaidi kidogo ya sentimita moja. Mwendo unapungua na nguvu inapanda, bila gia hata moja. Mpwa wangu alikataa kuamini mpaka alipoijaribu mota moja juu ya meza, ikajivuta na betri yake.

Mwili ndiyo ukawa CD, tena ile yenye mikwaruzo ya mkanda wa harusi ambao hakuna anayekumbuka ni wa nani. Ni nyepesi, ngumu, na ina tundu katikati la kupitishia waya. Mota tulizifunga chini yake kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na katikati ya mota na CD tukapachika kabari za boksi gumu kupata ule mshazari. Gundi ingeshika vizuri zaidi, lakini tyubu inakuruhusu kusogeza mota kidogo, na utasogeza sana, niamini. Mguu wa tatu, wa nyuma, tuliutoa kwenye chupa ya roloni iliyokwisha: kata shingo ya chupa pamoja na kigololi chake, osha mafuta yote, igundishe. Kinaviringika kila upande.

Betri ni BL-5C ya simu ya Nokia, zile zinazotumika siku hizi kwenye redio ndogo za mkononi. Ni volti 3.7 na inachajiwa tena. Usiruhusu waya zake mbili zigusane, inapata moto haraka.

Kwa upande wa umeme fundi alitusaidia. Alichukua kibao cha redio iliyoungua, akakipasha, akatutolea transista mbili zilizoandikwa S8050. "Bosi, hizi usizipashe moto muda mrefu, zinakufa," akaniambia, kisha akamgeukia kijana: "Na wewe usivute huo moshi wa risasi, geuza uso." Kwenye droo yake kulikuwa na taa mbovu za usiku, zile zinazojiwasha zenyewe giza likiingia. Katika kila moja mna rezista ya mwanga, kidude kidogo chenye mstari wa nyoka usoni. Gizani inazuia umeme karibu wote, ukiimulika inaachia. Tukachukua mbili.

Saketi yenyewe ni fupi. Chanya ya betri inakwenda kwenye mota, upande wa pili wa mota unakwenda kolekta ya transista (ina miguu mitatu: emita, besi na kolekta), emita inarudi hasi. Kutoka chanya hiyohiyo, rezista ya mwanga inafuatiwa na rezista ya ohmu 220 (nyekundu, nyekundu, kahawia) hadi besi. Transista hapa ni koki ya bomba: umeme kidogo unaopita kwenye besi ndio mkono unaoifungua, na umeme mwingi wa mota ndio maji. Mwanga ukiongezeka koki inafunguka, mota inaenda kasi. S8050 nyingi, ukiielekeza upande wake bapa kwako na miguu ikiwa chini, kushoto ni emita, katikati besi, kulia kolekta. Sambamba na kila mota weka dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake ukielekea chanya, ili mota inapozimika isirudishe umeme wa kuua transista. Seti moja kama hiyo kwa kila mota, basi. Kwa kuwa mota zinatazamana migongo, moja lazima uigeuze waya, la sivyo zitavutana badala ya kwenda pamoja.

Jioni tukazima taa ya sebuleni na kuiwasha tochi. Roboti ikatembea. Mchana na kwa taa ya kawaida haikusogea, kwa sababu mwanga hautoshi kufungua transista moja yenyewe. Tochi ya karibu ndiyo inayoiamsha. Nilipenda iwe hivyo, maana vinginevyo ingefuata kila dirisha. Lakini haikukata kona. Macho yote mawili, yaani zile rezista za mwanga, yalikuwa yanapata mwanga uleule, kwa hiyo mota zote zilikwenda sawa. Tukayageuza yatazame nje kidogo, kila jicho tukalivalisha kipande cha mrija kilichozungushiwa utepe mweusi, na katikati yake tukasimamisha ukuta wa boksi. Baada ya hapo tochi ikihama, na yenyewe inahama. Kilichobaki ni kusogeza kabari za mota, nusu milimita huku, nusu milimita kule, mpaka ikaacha kuvutia kushoto. Kazi hiyo ilitula muda mwingi kuliko saketi yote.

Siri ya kufuata iko kwenye njia ya waya. Jicho la kushoto linaendesha mota ya kulia, la kulia linaendesha ya kushoto. Tochi ikiwa kushoto, mota ya kulia inakimbia zaidi na roboti inageukia kushoto, kwenye mwanga. Mpwa wangu akauliza itakuwaje tukizinyoosha, kila jicho na mota ya upande wake. Tukafungua waya mbili tu, tukabadilishana.

Ukaja mshangao wa nyumba nzima. Nilipoimulika ikageuza mgongo, ikakimbilia uvunguni mwa kochi, na ilipofika gizani ikatulia. Dada yangu alitoka jikoni kuangalia kelele za nini.

"Anko, inaogopa?" kijana akauliza.

Mtafiti Valentino Braitenberg, aliyekuwa akichunguza ubongo kule Tübingen, Ujerumani, alieleza vyombo vya namna hii mwaka 1984, na kwa kutania kidogo aliita waya zilizonyooka woga na zilizopishana ukali. Alitaka kuonyesha kwamba ni rahisi kutengeneza kitu chenye tabia kuliko kuikisia tabia hiyo kwa kukitazama tu kutoka nje. Nilimweleza kijana hivyo, akaichukua roboti, akaigeuza chini juu, akafuata waya kwa kidole kimoja kimoja kutafuta huo woga uko wapi.

Shida iliyobaki ni kuta. Ikigonga inaendelea kusukuma mpaka betri iishe. Ndani ya deki kuna viswichi vidogo vinavyojua kama sahani imefunga. Tumevipachika viwili mbele, tukavigundishia mabua ya ufagio yawe sharubu. Sharubu ya kushoto ikibonyezwa inaunganisha besi ya transista ya mota ya kulia na hasi, mota hiyo inasimama, na roboti inageukia kulia kuukwepa ukuta. Kwenye ukuta mmoja inafanya vizuri. Kwenye kona sharubu zote zinabonyezwa, mota zote zinasimama, na inabidi mtu aende kuitoa.

Ili irudi nyuma yenyewe, kila mota itataka transista nne badala ya moja, na mbili kati ya hizo ni za aina ya pili, S8550. Fundi ameshatutengea redio mbili nyingine zilizoungua, na kijana ameanza kuchora saketi nyuma ya ile orodha yake ya bei.