Mlima uliopinduka

Nilikuwa mwanafunzi wa ikolojia ya mimea kiangazi kile tulipoenda Slovenia, kwenye milima ya karsti, yaani ardhi ya mawe ya chokaa, ya Trnovski gozd, kuchunguza mimea ya Smrekova draga. Hiyo ni dolina, yaani shimo kubwa la ardhi, kwenye mawe ya chokaa ambayo maji ya mvua huyayeyusha polepole. Hukuti kijito huko juu. Mvua ikinyesha, maji yanazama nyufani na kupotea.

Darasani nilizoea kwamba kadiri unavyopanda mlima ndivyo baridi inavyozidi na miti inavyopungua kimo. Pale mambo yalikuwa kinyume. Ukingoni tulipita chini ya Fagus sylvatica, miti mirefu ya majani mapana. Tulipozidi kushuka ikatawala Picea abies, yenye majani ya sindano. Chini kabisa msitu ukakoma, tukajikuta kati ya vichaka vya Pinus mugo, msonobari unaotambaa, ambao kwa kawaida huota kule juu milimani ambako miti mirefu imeshindwa. Tulianza kushuka tukitokwa na jasho. Chini nilivaa koti.

Sababu ni hewa. Hewa baridi ni nzito, hivyo usiku huteremka na kutuama shimoni. Katika dolina ya Grünloch, Austria, mwaka 1932 ilipimwa nyuzi 52.6 chini ya sifuri. Mtaalamu wa mimea Günther Beck alikwisha kueleza mpinduko huu wa mimea katika dolina za karsti mwaka 1906, nami nilikuwa nimesoma habari zake. Lakini kuupita kwa miguu, ukanda baada ya ukanda, kulinipa furaha ambayo kitabu hakikunipa.

Tulitandaza tepu, tukapima ploti, yaani vipande vidogo vya ardhi vya kuchunguza, tukaanza kuorodhesha spishi kwa skeli ya Braun-Blanquet: alama ya kujumlisha kwa mimea michache tu, hadi 5 kwa spishi inayofunika zaidi ya robo tatu ya ploti. Nilipiga magoti kwenye Vaccinium myrtillus, kichaka kidogo kinachopenda udongo wenye asidi. Kimefuata nini juu ya chokaa, inayopunguza asidi? Nikapenyeza mkono chini yake. Mboji nyeusi, baridi, iliyoloa, ikanimeza vidole, kisha kiganja, na jiwe sijaligusa bado. Kwa baridi ile majani yaliyoanguka hayaozi upesi. Yanalundikana tabaka juu ya tabaka hadi mizizi inaishi bila kukutana na chokaa. Hatua chache tu pembeni, mwamba ulikuwa wazi na mimea inayopenda chokaa imejibana nyufani.

Hapo tukabishana. Mwenzangu alitaka ploti zipangwe kwa umbali sawa kando ya kamba iliyonyooshwa, tusije tukachagua tunachotaka kuona. Hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini ploti moja ingeangukia nusu kwenye mboji na nusu kwenye mwamba, na orodha yake ingechanganya jamii mbili za mimea zisizoishi pamoja. Kwenye karsti, nilimwambia na bado naamini hivyo, lazima kwanza usome ardhi. Mwalimu wetu alitusikiliza, akaamua tufanye yote mawili: kamba kutoka ukingoni hadi chini, na ploti za ziada kila tulipoona jamii mpya. Kazi ikaongezeka maradufu, nami nikaenda kushika mwisho wa kamba.