Makopo mawili ya udongo wa Kongwa

Nilipoanza kuandaa walimu wa historia hapa Dodoma, mwenzangu mmoja idarani, mtu wa miaka mingi kazini, aliniambia: "Wakishaijua mada, kufundisha kutakuja kwenyewe." Mwingine akanihimiza niwakazie andalio la somo mpaka waweze kulijaza hata usingizini. Nilifuata ushauri wa wote wawili, na wote wawili walinipoteza.

Chuo chetu ni cha insia. Mwalimu tarajali anakaa ukumbi mmoja na watu wa sosholojia, wa fasihi na wa siasa, anasoma historia ileile wanayoisoma wao, kisha anakuja kwangu kwa ajili ya mbinu za kufundishia. Utaratibu huo naupenda kwa dhati, maana mwalimu aliyesoma kwa upana ana cha kumpa mtoto. Ila yote hayo anayapokea kwa muhadhara, na mtu hufundisha jinsi alivyofundishwa.

Nililiona hilo katika shule moja ya kata wilayani Chamwino, wakati wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha. Kijana niliyekwenda kumkagua alikuwa bora kuliko wenzake wote. Azimio la kazi safi, andalio limenyooka, ramani kaichora mwenyewe kwenye manila. Mada ilikuwa mpango wa karanga wa Kongwa. Alijua kila kitu: Uingereza ilivyohangaikia mafuta ya kula baada ya vita, mashamba ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, kazi iliyoanza 1947 na kuachwa 1951, pauni takriban milioni 36 zilizopotea. Akayamwaga yote kwa dakika 40, kwa Kiingereza cha chuo. Watoto zaidi ya themanini, watatu watatu kwenye dawati, wakawa wananakili tu. Karibu na kengele, msichana wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, kwa hiyo karanga ziligoma kuota?"

"Ndiyo, mpango ulishindwa," akajibu, akageuka kufuta ubao.

Iliniuma sana. Yule mtoto alikuwa amebisha hodi kwenye mlango wenyewe wa somo, na hakufunguliwa. Nikatazama fomu ya tathmini mapajani: utangulizi, zana, sauti, matumizi ya ubao, kote nimeweka vema. Kwa fomu ile, kijana alikuwa amefaulu. Tangu siku hiyo siijazi kabla ya kuzungumza na watoto wawili watatu nje ya darasa, na namsihi kila mkaguzi wa BTP afanye hivyo.

Kundi lililofuata nililipeleka Kongwa kabla hawajagusa andalio. Fedha za mkopo zilikuwa hazijaingia, tukachangishana elfu kumi na kitu kila mmoja, nyingine nikajazia mimi, tukakodi koasta. Huko mzee mmoja akatupokea kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akatukalisha chini ya mbuyu. Baba yake alikuwa kibarua wa kung'oa visiki kwenye mpango ule. "Baba alikuwa akisema hii ni nchi ya mtama na uwele," akatuambia, "tena ukiotea mvua." Wanachuo walikuwa wameyasoma haya maktaba, lakini pale hakuna aliyeshika kalamu. Walikuwa wanauliza. Tulirudi na mfuko wa salfeti umejaa udongo wa pale.

Sasa sikilizeni tulivyoutumia. Chukua makopo mawili ya maziwa, yakate nusu. Moja litie mchanga wa korongo, jingine udongo wa Kongwa. Fukia karanga zenye maganda katika yote mawili, mwagia maji, anika juani siku tano au sita. Jua la Dodoma mwezi wa saba halikawii. Kisha ingia darasani, usiandike mada ubaoni, ita watoto wawili wazichimbue.

Binti mmoja wa kundi hilo alifanya hivyo mbele yangu. Mtoto wa mchanga akazitoa kwa vidole viwili. Wa udongo akakwaruza, akakwama, akaomba msumari, ganda likapasuka. Darasa zima limesimama. "Kumbe ziliota, zikashindikana kutoka!" mmoja akapiga kelele. Mwingine akadakia kwamba bibi yake asingepanda karanga mahali pale. Mwalimu akawauliza mvua zetu zinaanza lini, zinaisha lini, na Desemba hadi Aprili ikatoka midomoni mwao wenyewe. Hapo ndipo alipoandika 1947. Somo moja likawa limebeba jiografia, biolojia na historia, na yeye alikuwa na upana wa kujibu kila swali, upana alioupata kwenye insia.

Kuhusu lugha, niliruhusu watoto wabishane kwanza kwa Kiswahili, halafu waandike sentensi tatu kwa Kiingereza cha mtihani. Niliwahi kuonywa kuwa hilo litawadumaza. Sentensi zile nimezihifadhi, na ni zao, hazikunakiliwa popote. Katika Historia ya Tanzania na Maadili, inayofundishwa kwa Kiswahili, hata mzunguko huo hauhitajiki.

Mkuu wa shule aliniomba makopo yabaki. Yako dirishani ofisini kwa walimu, na mimi nimeanza kukusanya mengine kwa ajili ya kundi la mwaka huu.