Kijiko cha sukari na nusu kilo ya sukari

Juzi shifti ya usiku ilikuwa imetulia, wazee wote wamelala, mimi na dada mmoja ninayefanya naye kazi hapa Maryland, Marekani, tukakaa jikoni na chai zetu, akanionyesha picha ya kaka yake kwenye simu. Kichwa kizima mvi. Nikamuuliza kaka ana miaka mingapi akanitajia, halafu akanitajia na ile aliyoimalizia jela. 15. Kwa gramu 62 za krak.

Mimi hata sikujua gramu 62 ni nyingi au ni kidogo. Asubuhi nimerudi home badala ya kulala nikaanza kusoma, na wiki nzima nasoma hii ishu tu, imenikaa kifuani ndo maana naandika.

Kwanza tuelewane, krak sio dawa nyingine kabisa, ni kokeini ileile ya unga imepikwa na beking soda na maji mpaka ikawa vijiwe. Inavutwa kwa moshi kwa hiyo inapanda haraka na kuisha haraka, na kwa sababu inauzwa kijiwe kimoja kimoja kwa hela ndogo ilienea sana mitaa ya watu masikini, hasa weusi. Unga wenyewe ukabaki kwa wenye nazo. Ila anayeuza vijiwe lazima kuna mtu juu yake alileta unga, krak haishuki kwenye ndege ikiwa krak.

Sasa sheria ya 1986 ilisema hivi, ukikamatwa unauza unga gramu 500, miaka 5 ya lazima. Ukikamatwa na krak gramu 5, miaka 5 ileile. Gramu 5 ni kijiko cha chai cha sukari, kimoja tu. Gramu 500 ni ile nusu kilo unayotumwa kwa Mangi. Miaka 10 ilikuwa kilo 5 za unga au gramu 50 za krak, ndo hapo kaka alipoingia na gramu zake 62, na kwa sababu alishawahi kupatikana na kesi ya dawa zamani akiwa kijana mdogo, ile 10 ikawa 20 ya lazima. Jaji aliyemhukumu 2004 alimwambia mbele ya familia yake kwamba angekuwa na uwezo asingempa hiyo miaka. Lakini hana, ndo maana ya lazima. Anayeamua ni mwendesha mashtaka kwa kile alichoandika kwenye hati. Na paroli, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, kwenye magereza ya shirikisho (ya serikali kuu) walishaifuta kwa makosa ya kuanzia Novemba 1987, kwa hiyo 20 unakaa karibu 17 hata ukiwa mfungwa mwema kuliko wote.

Hizo gramu 62 zingekuwa za unga kusingekuwa na kifungo cha lazima hata kimoja. Jaji angekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumwangalia mtu, akaangalia kosa, akaamua.

Nikataka kujua hii mia kwa moja, yaani gramu 1 ya krak kuhesabiwa kama gramu 100 za unga, ilitoka wapi, nikadhani labda madaktari walipima kitu. Hapana. Juni 17, 1986 kijana wa hapahapa Maryland anaitwa Len Bias, mcheza basketi wa chuo kikuu, alichaguliwa na timu ya Boston Celtics, chaguo la pili nchi nzima. Siku mbili baadaye akafariki kwa kokeini. Nchi ililia, na watu wengi wakaamini ni krak wakati ilikuwa ya unga. Spika wa Baraza la Wawakilishi, Tip O'Neill, alikuwa anatoka Massachusetts, huko huko kwa Celtics, akarudi bungeni anataka sheria haraka maana Novemba kulikuwa na uchaguzi. Serikali ya Reagan ilipendekeza 20 kwa 1, wawakilishi wakaja na 50 kwa 1, mwishowe ikapita 100 kwa 1. Oktoba 27 Reagan akasaini. Miezi minne tangu mazishi. Yaani ni mnada, kila mtu anapandisha dau asionekane mlaini, na kinachonadiwa ni miaka ya watu ambao hawapo kwenye chumba. 1988 wakaongeza tena, hata usipouza, kuwa nayo tu gramu zaidi ya 5, miaka 5.

Kinachoniuma ni kwamba walijua mapema. Tume ya serikali yenyewe inayoshughulika na viwango vya hukumu iliwaambia mwaka 1995 wasawazishe, iwe 1 kwa 1, Kongresi (bunge la Marekani) wakakataa na Rais Clinton akasaini huko kukataa. Ripoti za tume hiyohiyo za miaka ya 1990 na 2000 zinaonyesha zaidi ya asilimia 80 ya waliohukumiwa kwa krak mahakama za shirikisho ni weusi, wakati tafiti za watumiaji zilikuwa zinaonyesha wengi wao sio weusi. Wameambiwa 1995, wakaambiwa 1997, 2002, 2007. Mimi naamini hiyo asilimia 80 ingekuwa ya watoto wa kizungu wasingefika hata mwaka wa tatu.

Agosti 2010 Obama akasaini sheria mpya, gramu 5 ikawa 28, gramu 50 ikawa 280. Yaani 18 kwa 1. Kwa nini 18? Maseneta wa pande mbili walikaa wakavutana, mmoja anataka 1, mwingine anataka zaidi, wakakutana kwenye 18. Hakuna sababu nyingine.

Mama yao alisikia kwenye TV. Dada ananiambia mama alitoka siku hiyohiyo kwenda kununua shuka mpya, akasafisha kile chumba cha kaka, akawa anawaambia watu kanisani mwanangu anarudi. Hakuna aliyemwambia kwamba sheria hairudi nyuma. Waliokwishahukumiwa wabaki na hukumu zao za zamani, mia kwa moja, ingawa Kongresi hiyohiyo imeshakubali kwamba mia kwa moja ilikuwa kosa. Mama alifariki 2014, chumba kimetandikwa.

Ilibidi wasubiri mpaka Desemba 2018, Trump aliposaini ile sheria inayoitwa First Step Act ndo waliohukumiwa zamani wakaruhusiwa kurudi kwa jaji. Kaka akatoka 2019. Miaka minane sheria ilikuwa inasema ameonewa na bado yuko ndani, hapo ndo nilipoacha kusoma nikalia.

Na bado haijaisha. 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Terry, mtu aliyekuwa na gramu karibu 4 tu, wakasema yeye hapunguziwi kwa sababu kiwango chake kilikuwa kidogo mno hakikugusa yale mafungu yaliyobadilishwa. Wenye gramu nyingi zaidi yake walipunguziwa. Mwaka huohuo Septemba Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wa kufanya 1 kwa 1, kura 361 kwa 66, vyama vyote, ukaenda Seneti ukafia huko. Biden, ambaye 1986 alikuwa mmoja wa walioisukuma ile sheria na baadaye akakiri ni kosa, Januari 17, 2025 siku tatu kabla ya kuondoka alipunguza adhabu za watu karibu 2,500, wengi wao wa hizi kesi. Nashukuru kwa hao 2,500, kila mmoja ana dada wa kumsubiri. Ila anayekamatwa kesho bado anapimwa kwa 18.

Ndugu zangu mliopata uraia huku, mnaopiga kura Minnesota, Texas, Ohio, maseneta wenu wana namba za simu ofisini na kuna mtu anaandika kila simu inayoingia. Piga, sema nataka 1 kwa 1, na nataka irudi nyuma. Hilo la pili usilisahau. Sie ambao bado tuna karatasi tu hatupigi kura, lakini kupiga simu tunaruhusiwa, mimi nimepiga jana kabla ya kuingia shifti.

Dada kaniambia kaka amehamia kwenye kile chumba. Zile shuka hajazitumia, zimekunjwa juu ya kabati.